Mshale wa Mizani Ulionyesha Ngapi?

Waswahili husema kwamba macho hayana pazia. Mtu akifumbua macho, basi huona, wala hakuna awezaye kulizuia jicho lisitazame. Leo naomba ruhusa ya wasomaji niubishie kidogo msemo huo. Sifanyi hivyo kwa kiburi, bali kwa sababu ya kisa kimoja kilichonipata utotoni katika nchi ya chai, ambacho hadi leo hakijanitoka moyoni.

Nililelewa katika vilima vya Konoin, sehemu ambayo siku hizi imo katika kaunti ya Bomet. Msafiri atokaye Kericho akapitia Litein kuelekea Mogogosiek huikuta chai imetandikwa mlima baada ya mlima kama mkeka usio na mwisho. Baba alikuwa na ekari moja na nusu ya chai. Mama ndiye aliyeichuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, tangu umande haujakauka mpaka mawingu ya mvua ya alasiri yalipoanza kukusanyika. Kisha tulishuka pamoja hadi kituo cha kununulia chai, yeye na mzigo mgongoni, mimi na kikapu kidogo.

Siku moja, nikiwa na umri wa miaka minane hivi, nilisimama chini kabisa ya ile mizani ya duara iliyoning'inizwa kwenye boriti. Gunia la mama lilipotundikwa, mshale ulizunguka, ukatetemeka, ukatulia upande wa kushoto wa uso wa mizani. Karani, mtu mrefu, akatazama na kutamka, "Kumi na nane na nusu." Mimi nikapaza sauti, "Hapana! Ni kumi na nane na robo tatu!" Watu wakacheka. Karani akanitazama, akautazama tena mshale, akasema kwa upole, "Mtoto, mimi nina macho." Mama akanishika bega akaniambia, "Nyamaza, mwanangu. Aliyeandika ameandika."

Njiani nililia kwa hasira. Niliamini kwamba nimeshuhudia wizi mchana kweupe. Robo kilo si kitu kwa tajiri, lakini kwetu sisi robo kilo kila siku, mwezi hata mwezi, ilikuwa daftari, kiberiti na sabuni.

Nimekikumbuka kisa hiki kwa sababu ya habari zinazotoka kwetu miaka hii. Wakulima wa Kericho na Bomet wanalalamika kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa. Wachumaji wa mashamba makubwa wanaishutumu mitambo. Wazee wanadai ardhi waliyonyang'anywa babu zao. Na katika kila ugomvi, kila upande huapa, "Tumeona kwa macho yetu wenyewe!" Wala sidhani kwamba wengi wao wanasema uwongo. Hapo ndipo penye fumbo ninalotaka tulitazame pamoja.

JICHO HALIONI PEKE YAKE

Tuliambiwa shuleni kwamba jicho ni kama kamera. Mwanga huingia, picha hupigwa, na akili huitazama. Lakini katika karne ya 19 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, alionyesha kwamba mambo si mepesi hivyo. Alisema kwamba kile tunachokiita kuona ni uamuzi unaokatwa na akili pasipo sisi wenyewe kujua. Jicho huleta habari chache na zenye mapengo. Akili huzipokea, huzilinganisha na yale iliyokwisha kuyazoea, kisha hutoa hukumu. Hukumu hiyo hutufikia imekwisha kamilika, nasi hudhani tumeipokea moja kwa moja kutoka duniani.

Msomaji asiyeniamini na ajaribu sasa hivi kwa gazeti hili hili. Chukua kalamu, utie alama mbili nzito pembeni mwa ukurasa, penye weupe, moja kushoto na moja kulia, ziachane kiasi cha sentimita 8. Fumba jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia itazame alama ya kushoto tu, usiiondolee macho, kisha usogeze ukurasa polepole mbele na nyuma. Utakapofika kiasi cha sentimita 30 kutoka usoni, ile alama ya kulia itatoweka.

Imekwenda wapi? Haikwenda popote. Kila jicho lina mahali ambapo mshipa wa kupeleka habari kwenye ubongo unatokea, na mahali hapo hapaoni kitu. Sote tumezaliwa na tundu hilo la upofu. Lakini mimi nastaajabu zaidi jambo jingine: palipotoweka alama hukuona shimo jeusi. Uliona karatasi nyeupe! Akili ilipokosa habari haikukiri kwamba haijui. Ilichukua rangi ya pale kando ikapaka juu ya pengo, ikakuambia, "Hapa hapana kitu." Naomba msomaji alishike jambo hilo, kwa maana nitalirudia tutakapofika kwenye habari ya ardhi.

Tena, kuona hufundishwa na mahali mtu alipokulia. Colin Turnbull, aliyeishi na Wambuti katika msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, alisimulia katika kitabu alichokitoa mwaka 1961 habari za rafiki yake aitwaye Kenge. Kenge alikulia msituni, mahali ambapo miti husongamana na mtu haoni mbali. Siku moja Turnbull alimchukua hadi mbugani, kwenye uwanda mpana, na huko mbali sana kundi la nyati lilikuwa likilisha. Kenge akauliza wale ni wadudu gani. Alipoambiwa kuwa ni nyati, alicheka, akaona anatukanwa. Gari lilipowakaribia na "wadudu" wakazidi kukua, alishikwa na wasiwasi.

Wako watakaomcheka Kenge. Nawauliza, je, wao wakitiwa ndani ya msitu wa Ituri, wataona nyayo na tawi lililovunjika ambavyo Kenge aliviona bila hata kusimama? Kila mmoja wetu ni Kenge mahali fulani.

CHAI NI NYEUSI AU NYEKUNDU?

Si mazoea ya macho peke yake, hata lugha nayo hutushika mkono na kutuongoza. Tutazame Kiswahili chetu. Rangi tatu tu ndizo zenye maneno yake ya asili yanayofuata ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingi za hizo nyingine tumeziazima kwa vitu. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda. Mtu wa Kericho anaposema "kijani", kwa hakika anasema "rangi ya jani", na jani linalomjia akilini ni lile lile alilolichuma asubuhi. Hata chai yenyewe kavu dukani tunaiita majani.

Haya, mimina kikombe kisicho na maziwa. Mwingereza huiita chai hiyo nyeusi. Mchina huiita nyekundu. Mtanzania huiita chai ya rangi, bila kutaja ni rangi gani, na Mkenya wa mtaani ataagiza strungi. Kinywaji ni kimoja, na macho ni yale yale ya binadamu. Mwingereza alilitazama jani lililokauka, Mchina akayatazama maji yaliyomo kikombeni, na Mtanzania akatazama kwamba maziwa hayamo. Hakuna aliyekosea, kila mmoja ameshika upande mmoja wa ukweli akaufanya kuwa jina la kitu kizima.

Kama mambo yangeishia kwenye kikombe, ningeweka kalamu chini. Lakini katika nchi ya chai, majina na macho yamewahi kuwahamisha watu makwao.

"HAPA HAPANA KITU"

Wazungu wa serikali walipofika katika nchi ya Wakipsigis mwanzoni mwa karne ya 20, walitazama vilima vyenye rutuba na mvua tele, wakaona nchi tupu. Kwa nini? Kwa sababu macho yao yalikuwa yamefundishwa Uingereza. Huko, ardhi yenye mwenyewe ina ua, lango, shamba lililolimwa kwa mistari na nyumba yenye bomba la moshi. Pasipokuwa na hayo, pana pori.

Mkipsigis alipotazama kilima kile kile aliona mambo mengine kabisa. Aliona malisho ya msimu wa mvua na malisho ya kiangazi. Aliona mahali ng'ombe walipolamba chumvi. Aliona kaptich, yaani kambi ya ng'ombe iliyo mbali na nyumba, ambako vijana walilinda mifugo. Aliona mipaka ya kokwet moja na nyingine, mipaka isiyokuwa na seng'enge lakini iliyojulikana na kila mzee. Nyasi zilizoachwa zipumzike zilikuwa ni akiba. Mgeni aliona ni ardhi iliyotupwa.

Basi tukumbuke lile jaribio la alama mbili. Pale jicho lisipopokea habari, akili haisemi "sijui". Husema "hapana kitu". Na serikali ya kikoloni ilisema hivyo hivyo, kisha ikaandika. Kwa sheria za ardhi za mwaka 1902 na 1915, ardhi ilihesabiwa kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza, na ile ya mwaka 1915 iliruhusu walowezi kukodishiwa kwa miaka 999. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kiasi cha ekari 25,000 huko Kericho zilitengwa kwa maofisa wa Kiingereza walioumia vitani, wapande kitani. Bei ya kitani ilianguka na mpango ukafa katika miaka michache. Lakini ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katika miaka ya 1920 makampuni ya chai, Brooke Bond na tawi la James Finlay, yakaingia, na ule mkeka wa kijani ukaanza kutandikwa.

Kisha pana habari ya Talai. Hao ni ukoo wa orkoiyot, viongozi wa kiroho ambao Wakipsigis na Wanandi waliwaendea kwa baraka na mashauri. Serikali ilipowatazama iliona wachawi na wachochezi. Mwaka 1934 ikapitisha sheria maalum ya kuwahamisha, na mamia ya watu, wanawake na watoto pia, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwenye mbu na mbung'o, mbali na baridi ya kwao. Msomaji atazame jina la sheria ile. Iliwaita "Laibon". Neno hilo ni la Kimasai! Watu walihukumiwa kwa jina la kabila jingine, maana aliyeandika alikuwa na neno moja tu kichwani, akaona linatosha.

Madai haya bado yako hai. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi iliyakubali malalamiko ya Wakipsigis na Talai kwamba walidhulumiwa. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza juu ya jambo hilo, na mwaka 2022 wawakilishi wa wahasiriwa walilifikisha katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo imekwisha kuipunguza miaka 999 ya wageni kuwa isiyozidi 99.

Lakini tusijidanganye kwamba upofu ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Katika mashamba hayo hayo wamo wachumaji kutoka Gusii, Nyanza na Magharibi, wengine waliozaliwa katika nyumba za laini na wasiojua kwingine. Watu hao nao hutazama kilima kile wakaona kwao. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wengi wao walishambuliwa na kukimbizwa na watu waliowaona kuwa wageni waliovamia. Aliyekuwa jirani Jumatatu alionekana adui Alhamisi, na uso wake ulikuwa ule ule.

ULIMI UNAOPANGA BONASI

Twende sasa kwenye bonasi. Mkulima mdogo hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo za majani mabichi, kisha mwisho wa mwaka hungojea malipo ya pili, ambayo hutegemea jinsi chai ya kiwanda chake ilivyouzwa. Sehemu kubwa ya chai hiyo huuzwa katika mnada wa Mombasa. Mnada huo ulianzishwa Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969. Kabla ya kuuzwa, chai huonjwa. Vikombe hupangwa mezani kwa safu, na mwonjaji hupita na kijiko, akivuta chai kwa kishindo, akiizungusha kinywani na kuitema.

Mkulima wa Bomet ambaye hajawahi kuuona mlango wa chumba kile hujiuliza, "Hivi huyo anaonja chai yangu, ama anaonja jina la kwetu?"

Swali hilo si la kipumbavu. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya Bordeaux kwa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo. Waliwapa mvinyo mweupe, kisha mvinyo ule ule mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi waliueleza ule wa pili kwa maneno yatumikayo kwa mvinyo mwekundu. Ulimi na pua vilisema jambo moja, macho yakasema jingine, na macho yakashinda. Watu hao hawakuwa walevi wa njiani, walikuwa wakiisomea kazi hiyo.

Sisemi kwamba ladha ni ndoto. Chai hutofautiana kwa kweli. Udongo, kimo cha mlima, aina ya mche, uchumaji wa majani makubwa yaliyokomaa, kuchelewa kwa lori mpaka majani yakaungua guniani, yote hayo huingia kikombeni. Na mkulima anayechanganya vikonyo vigumu ili gunia liwe zito ajue kwamba anaiharibu bonasi yake mwenyewe na ya jirani yake. Tena gharama za kiwanda na usimamizi wake zina sehemu kubwa katika hesabu. Ninachosema ni kwamba palipo na hukumu ya ulimi, mtu anayelipwa kwa hukumu hiyo ana haki ya kujua imekatwaje. Mkulima aonyeshwe kikombe chake kando ya kikombe cha mwenzake wa mashariki, vyote viwili bila jina, naye aonje. Akikiona kilicho bora, atajirekebisha. Asipokiona, basi na aliyehukumu aeleze vizuri zaidi.

MTAMBO NA MKONO

Jambo la mitambo nalo ni vivyo hivyo. Katika mashamba makubwa, mtambo mmoja hukata meza ya chai kwa muda mfupi, kazi ambayo zamani ilihitaji kundi zima la wachumaji. Meneja anapoutazama huona mishahara iliyopungua na shamba linaloweza kushindana na nchi nyingine. Mchumaji anapoutazama huona nyumba ya laini atakayoambiwa aihame, na karo itakayokosekana. Mwaka 2023 kikosi kazi cha kaunti ya Kericho kilisema kwamba kazi zipatazo 30,000 zilikuwa zimepotea kwa mitambo katika miaka kumi. Mwezi wa Mei mwaka huo huo vijana waliingia katika shamba moja kubwa la Kericho wakateketeza mitambo, na katika vurumai hilo mtu aliuawa.

Mama yangu aliwahi kuitazama mitambo hiyo ikifanya kazi. Hakusema habari za mishahara wala siasa. Alisema, "Haina jicho. Inakata lililo tayari na lisilo tayari." Kwake yeye kuchuma kulikuwa ni kuchagua, vidole vyake viliona kabla ya macho. Mwenye mtambo akitazama hesabu yake hataona hasara hiyo, kwa kuwa hakuna safu yake kitabuni. Vivyo hivyo mchumaji haoni kwamba bei ya chai sokoni imekuwa ngumu na kwamba shamba likifungwa hata mtambo hautakuwako. Kila mmoja ana tundu lake la upofu, na kila mmoja amelipaka rangi ya pale kando.

TURUDI KWENYE MIZANI

Sasa nitamaliza kisa changu. Miaka kumi hivi baada ya siku ile niliyolia njiani, nilikuwa nimemaliza shule na nimekuwa mrefu. Msimu mmoja wa chai nyingi kituo kilizidiwa na kazi, nikaombwa nisaidie kusoma mizani ile ile. Siku ya tatu au ya nne, mshale ulitulia kushoto, nami nikatamka, "Kumi na nane na nusu." Sauti ndogo ikatoka chini, "Na robo tatu!" Alikuwa msichana mdogo, amesimama pale pale nilipokuwa nimesimama mimi.

Nilitaka kumwambia kwamba nina macho. Lakini neno hilo lilinikwama. Nikainama mpaka kimo cha kichwa chake, nikatazama. Naapa mbele ya wasomaji, mshale ulikuwa karibu na robo tatu! Nikasimama wima, ukarudi kwenye nusu. Nikainama tena.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mshale haukugusa uso wa mizani. Ulikaa mbele yake kwa nafasi ndogo. Upande ule wa kushoto namba hupanda kwenda juu. Atazamaye kutoka chini huuona mshale umepanda, na atazamaye kutoka juu huuona umeshuka. Karani wa utotoni mwangu hakuwa mwizi. Wala mimi sikuwa mtoto mwongo. Nilimchukia bure kwa miaka kumi.

Lakini usiku ule, nilipokuwa nikijilaumu kwa chuki ile, wazo jingine lilinijia, na hilo ndilo ninalotaka kuwaachia wasomaji. Karani hakuiba, lakini kilo zilipotea. Kwa nini kosa lile lisilo la makusudi halikuangukia upande wetu hata siku moja? Kwa sababu sikuzote mtu mrefu ndiye aliyeshika kalamu. Mtoto aliona lake, karani akaona lake, na kilichoandikwa kikawa ndicho kweli ya kituo, kweli ya kiwanda, kweli ya hundi ya mwisho wa mwezi. Mama alilijua hilo kuliko mimi aliposema, "Aliyeandika ameandika." Ofisa aliyeiona Kericho tupu naye huenda hakuwa na nia mbaya zaidi ya yule karani. Lakini naye alikuwa na kalamu, na alichokiona kikawa ramani.

Wako watu ambao wakisikia maneno kama haya husema, "Basi, akili ni nywele, kila mtu ana zake, ukweli haupo." La hasha! Chai iliyokuwa guniani ilikuwa na uzito wake mmoja, haikujali mrefu wala mfupi. Na palikuwa na mahali pamoja pa kusimama ambapo mshale ulisomeka sawasawa, napo ni pale jicho linapolingana nao, si juu wala chini. Kesho yake nilitafuta kigoda kwa ajili ya wafupi, nami nikawa nainama. Mwenye chai na mwandishi walisoma pamoja, na tusipopatana tulitundika gunia mara ya pili. Kazi ilichelewa, lakini kelele zilikwisha.

Siku hizi vituo vingi vina mizani ya elektroniki inayoonyesha namba wazi, na mtoto wa leo hataona nilichokiona mimi. Lakini ugomvi umehama tu. Umekwenda kwenye chumba cha waonjaji, kwenye hesabu za mitambo, kwenye makabati yenye hati za ardhi. Huko nako kuna mshale uliokaa mbele kidogo ya uso, kuna mtu aliyesimama juu na mwingine aliyesimama chini, na kalamu imo mkononi mwa mmoja tu.

Kwa hiyo nawashauri viongozi wetu wa kaunti hizi mbili, wenye mashamba, wenye viwanda, vyama vya wafanyakazi na wazee wanaodai ardhi, wasianze mikutano yao kwa kuulizana nani mwongo. Waanze kwa kuulizana, "Wewe umesimama wapi unapotazama?" Kisha mwenye kalamu na awe wa kwanza kuinama, maana yeye ndiye ambaye kosa lake huandikwa. Macho yetu, ndugu wasomaji, yana pazia, nalo lina rangi ya kile tulichokizoea. Yule msichana wa kituoni alinifungulia langu kwa neno moja, na nilikuwa karibu sana kumwambia anyamaze.